Sauti Anayoitunza kwa Ajili ya Jumatatu

Jumapili, alasiri. Wingu jeusi limekaa juu ya mlima tangu watu watoke kanisani. Halinyeshi, haliondoki. Hapa Subukia ikinyesha mvua ya maana, njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami huwa tope tupu na gari dogo halipandi. Kesho lazima gari lipande.

Sijaandika humu kwa muda mrefu. Kwa asiyenijua, mimi ni wa Kondoa, Tanzania. Baba Neema alikuja kwetu kununua vitunguu vya kuuza Nakuru, akaondoka na vitunguu pamoja na mimi. Mpaka leo wakwe zangu wananitania kwa jina la Mama Vitunguu, nami nawatania Kiswahili chao. Mara ya kwanza mume wangu aliponitambulisha kwa watu, alisema, "Huyu ni bibi yangu." Nilinuna siku nzima. Kwetu bibi ni mama yake mama. Huku bibi ni mke, nikaambiwa, nikazoea, na sasa nalipenda neno hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mume wangu anaumwa koo. Uvimbe umeziba njia ya chakula na umeila sauti. Hospitali walituambia turudi nyumbani, nasi tulielewa. Anakunywa uji kwa kijiko, na akitaka kusema jambo ananong'ona, kisha analala kwa uchovu wa maneno mawili.

Na mimi ninaishi Kenya kwa sababu yake.

Namaanisha kisheria. Kibali changu kinamtegemea yeye. Niliomba ukaaji wa kudumu kama mke wa Mkenya, zamani kidogo, alipokuwa bado anabeba magunia na kupiga kelele sokoni. Kila nilipouliza niliambiwa maombi yako njiani. Sikujali. Nilikuwa na mume mzima, haraka ya nini?

Haraka imeanza mwaka huu. Imeletwa na shemeji yangu Gitau, mdogo wake mume wangu. Si mtu mbaya. Anatuletea maziwa, anakaa na kaka yake nikienda kuteka maji. Lakini siku moja, tukiwa tumesimama kwenye mahindi, akaniambia kwa upole kabisa: "Shemeji, usijipee stress na hizo makaratasi. Mambo ikitokea, utaenda kwenu upumzike. Neema ni mtoto wa hapa. Atabaki na cucu yake." Cucu ni bibi yake, mama mkwe wangu.

Alivyolitamka ilionekana ni jambo lililokwisha kuzungumzwa mahali ambapo mimi sikuwepo. Wiki iliyofuata aliuliza ile suti ya harusi ya kaka yake iko wapi. Nilimwambia iko sandukuni. Hakusema anaiulizia nini.

Neema ana miaka tisa. Halali mpaka nimsimulie habari za Kondoa, lakini hajawahi kuniuliza kama tutahamia huko. Niondoke nimwache? Nitawezaje?

Kwa hiyo niliamua kuandika barua ya kuomba maombi yangu yaharakishwe. Ukiomba haraka lazima utoe sababu, na sababu ninayo moja tu, iko kitandani. Mama mkwe alipojua alinishika mkono jikoni. "Usiandike mtoto wangu atakufa," akasema. "Andika ni mgonjwa." Nikamwapia. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mume wangu ni mgonjwa sana na ningependa jambo hili likamilike tukiwa pamoja. Niliandika Kiswahili sanifu, chenye heshima zote, maana nilitaka waone kwamba sisi watu wa Kondoa tumesoma.

Nilimpelekea dada mmoja wa cyber pale mjini Nakuru aichape. Wana barua za kila aina kwenye kompyuta zao. Mteja akija, wanafungua ya mteja wa jana, wanafuta jina, wanaweka jipya. Nilijua hivyo. Nilitazama jina langu, namba ya pasipoti, tarehe. Nikalipa, nikarudi nyumbani, mume wangu akaweka sahihi yake chini ya yangu, kwa taabu, bila kuisoma. Alisema ananiamini.

Mimi ninayewasahihisha watu wote ngeli zao, sikuisoma tena.

Alhamisi nikaenda ofisi ya uhamiaji, Nakuru. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu. Akaisoma barua, akairudia, akaniangalia usoni kwa huruma. "Pole sana, mathe. Mzee alienda lini?"

"Ameenda wapi?"

Akaigeuza karatasi na kuniwekea kidole. *Marehemu mume wangu.* Mteja wa jana alikuwa mjane. Dada alifuta jina la yule mama lakini yule marehemu wake akambakiza, nami nikambeba mpaka serikalini.

Nilieleza mpaka mdomo ukakauka. Afisa alisikiliza, kisha akashusha macho kwenye sahihi, na huruma ikamtoka usoni taratibu. "Sasa mathe, kama ni marehemu, alisign aje? Na kama ako hai, mbona unaandika amekufa? Hapa nikipeleka hivi, wataona ni fraud. Na kama ameenda kweli, hiyo file ya bibi inafungwa, unaanza upya kama mjane."

Nikaanza kulia palepale.

Nadhani aliniamini, au machozi yangu yalimchosha. Akaiweka ile barua kwenye droo, hakuipeleka kokote. "Kuja na yeye Monday asubuhi, na ID yake original. Siwezi kuandika kitu sijaona. Nimuone, aseme jina yake, aseme wewe ni bibi yake. Hayo tu. Barua tutaandika ingine hapa hapa, na nitapush file yako hiyo siku."

Hayo tu.

Nilipomsimulia mume wangu, alicheka. Kicheko chake siku hizi hakina sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika, na machozi yakamtoka. Akaninong'oneza, "Marehemu atakuja mwenyewe." Nami nikacheka, nikamlalia kifuani. Lakini mama mkwe alikuwa mlangoni, na alisikia. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alitoka nje akakaa na kuku wake mpaka giza likaingia. Tangu hapo hanitazami usoni. Anaamini nimemwita Kifo, mtu ambaye hakupaswa kuitwa.

Niseme ukweli, na mimi naanza kuamini. Tangu Alhamisi neno lile limo ndani ya nyumba. Mbwa akibweka naenda kuchungulia dirishani. Leo asubuhi jirani mmoja alinisalimia kanisani kwa ile sauti ya chini wanayotumia kwa waliofiwa. Habari imesambaa Subukia kwamba nimeandika mume wangu amekufa, na inavyozunguka sijui inafika kwa watu ikiwa imebaki nusu gani.

Na kuna jambo baya zaidi, nalisema hapa kwa sababu sina pa kulisemea. Mume wangu akikohoa, wazo langu la kwanza si maumivu yake. Wazo langu la kwanza ni Jumatatu. Nakimbia na beseni huku moyoni nasema, subiri, baba, subiri kidogo, upigwe mhuri kwanza. Nampenda mtu huyu. Niliacha nchi kwa ajili yake. Sasa namhesabia pumzi kama mtu anayengoja foleni isogee. Najichukia kwa hilo, na bado nalifanya.

Yeye anajua, nadhani. Ijumaa asubuhi alinionyesha kwa kidole, koo lake, kisha mdomo, kisha akakunja ngumi kama mtu aliyeshika kitu asikiangushe. Nilimwelewa baada ya muda. Anatunza sauti. Maneno aliyobakiwa nayo si mengi, na anataka yamtoshe kesho mbele ya yule kijana: jina lake, na mimi ni nani wake.

Tangu siku hiyo hajasema kitu. Akitaka maji anagonga ukingo wa kitanda kwa pete. Neema amefanya mchezo, anagonga ukuta wa chumba chake, baba yake anajibu kwa pete, wanaendelea hivyo. Nyumba imekuwa ya kugongana tu. Jana nilimwambia, "Sema hata neno moja na mwanao." Akatikisa kichwa. Ni mkaidi kama zamani sokoni, bei yake akishaitaja haipandi wala haishuki.

Mambo ya kesho nimeyapanga. Jirani atatuazima gari lake, Probox, nimeshatandika godoro nyuma. Gitau ndiye atakayeendesha, amekubali. Kitambulisho kiko kwenye pochi yangu, nimekiangalia leo sijui mara ngapi. Uji nitautia kwenye chupa.

Baada ya kanisa nilikuta suti ya harusi imeanikwa kwenye kamba, imepigwa brashi, na shati jeupe pembeni yake. Mama mkwe alikuwa anainyoosha kola kwa vidole. Nilimuuliza kama ni Baba Neema aliyeomba aivae kesho. Akaendelea kunyoosha. "Ni yake," akasema. "Ataivaa."

Nimekuja kukaa huku jikoni, nimebandika uji, naandika kwa simu ili mikono ipate kazi. Matone ya kwanza yameanza kupiga bati. Nimetoka mbio kuianua suti, nimeikunja, iko hapa mapajani mwangu, inanuka sanduku.

Kesho nataka nimsikie mume wangu akilitamka lile neno nililolinunia siku ile. Hata kama ni la mwisho. Hasa kama ni la mwisho.

Uji umeiva. Nimemwita Baba Neema kumuuliza kama nimletee sasa au upoe kwanza. Najua hatajibu kwa mdomo, anatunza sauti. Mvua hii kwenye bati ni kelele tupu, labda pete siisikii.

Neema naye anagonga ukuta. Amegonga, amengoja jibu, amegonga tena.

Naweka simu chini, nikamwangalie baba yake.