Ganzi ya Mguu wa Baba

Burumba, Busia
3 Machi 1976

Kaka Sulaiti,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, ila Baba. Sukari imemla mguu wa kulia, umekuwa mweusi mpaka kifundoni. Daktari anataka kuukata, lakini moyo wa Baba umechoka. Akilazwa usingizi hataamka. Daktari anasema atadunga ganzi mguu peke yake, Baba akiwa macho. Baba kakataa. "Nisikie msumeno kwenye mfupa wangu? Sulaiti ndiye mtu wa ganzi. Aseme yeye."

Najua hujakanyaga hapa tangu tumzike Mama bila wewe. Jibu upesi.

Dada yako,
Zulaika

Nakuru
11 Machi 1976

Dada Zulaika,

Aleikum salaam. Nimesoma yako. Daktari anasema kweli. Sindano moja kinenani, nyingine nyuma ya paja, penye mishipa ya fahamu. Mguu unakufa ganzi, moyo hausumbuliwi. Nimewadunga wazee wagonjwa kumliko, wakapiga gumzo huku tunakata. Mwambie asiogope, nitakaa kichwani pake tuzungumze. Nisubirini, naomba ruhusa kazini.

Kaka yako,
Sulaiti

Burumba
4 Aprili 1976

Kaka,

Salamu zimenishinda. Baba alifariki juzi Ijumaa.

Barua yako ilimfurahisha mno, akawasomea wodi nzima. Daktari alimsihi mara tatu. Kila mara aliitoa chini ya mto: "Mwanangu kaandika nisubiri." Mlango ukilia, anageuza kichwa. Uozo ukapita goti, ukafika kinenani. Daktari akasema hapo hadungi tena, sindano itaingiza usaha ndani.

Mzee Muzafaru aliyemwosha ndiye aliyenirudishia barua. Ruhusa gani hiyo ya wiki tatu? Nina uchungu na wewe.

Zulaika

Nakuru
10 Aprili 1976

Dada yangu,

Sithubutu kuuliza hali. Ruhusa nilipewa siku ileile niliyoiomba. Mkoba niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena.

Ninaowalaza usingizi hawaniulizi kitu. Baba angelala pale saa nzima, macho wazi, ananitazama, na angeniuliza kwa nini sikuja kumzika Mama. Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Niliogopa swali la baba yangu mzazi, Zulaika, basi.

Ningeandika "Kubali, Baba" tu, angekubali.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo,
Sulaiti