Norbert Gaworski na Misa ya Saa Tano ya Chaneli ya Kumi na Moja

Mwaka umekatika, Norbert, tangu ulipopanda juu ya paa la kituo chako cha televisheni na ufagio wako kufagia theluji kwenye dishi, ukashushwa na wazima moto. Daktari alisema ni moyo. Mkeo Lucille alisema ni mji huu, na kauli hiyo hajaibadili mpaka leo. Sisi wanao tunaandika, yeye anasimamia. Maneno haya ni yako, lakini tunawajua watakaoyasoma, na wasome.

Waliokutupia mayai mlangoni ndio hao hao walioleta soseji na keki nyumbani wiki ya msiba. Lucille alizipokea zote, akasema asante, akamlisha mbwa wa jirani. Nao Chaneli ya Tano, washindani wako waliokucheka tangu siku ya kwanza, walikutaja kwenye habari zao za jioni. Meneja wao Dwight Haugen alivaa tai nyeusi akakuita "mpinzani muungwana". Wewe ulivyokuwa ukimwita hatuwezi kuandika hapa, gazeti hili linasomwa na watoto.

Tunakukumbuka ulivyoanza. Wewe na mdogo wako Roman mlichukua ghala la barafu lililokuwa limeachwa kando ya mto, mkasimika mnara juu yake, mkajiita Chaneli ya Kumi na Moja. Hakuna mtandao mkubwa wa televisheni uliowataka. Wale wa New York walikuwa na vituo vyao hapa Tillson Bay, vituo vitatu vyenye uwezo, wakivipa tamthilia na habari na mpira. Nyinyi mlibaki na makombo: sinema ambazo waigizaji wake wote walishakufa, mieleka, muziki wa polka wa Jumamosi, na mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Uliyapenda makombo hayo kuliko wengine walivyopenda karamu. Ulimjua kwa jina kila msichana aliyewahi kufunga kikapu katika wilaya hii, na jina la mama yake pia.

Kila Ijumaa ulikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya Wally, ukapita meza kwa meza ukiwauliza watu walitazama nini wiki ile. Aliyesema hakukutazama ulimkalia hapo hapo mpaka samaki wake akapoa.

Ulikuwa na ngazi ndani ya gari siku zote. Ukisikia kuna mjane shambani ambaye picha ya runinga yake haionekani vizuri, ulikwenda, ukapanda, ukamtengenezea antena bila kuchukua hata senti. Ukishuka, antena ilikuwa imeelekea kwako. Haugen alilalamika mpaka kwa meya. Ukamjibu kwamba na yeye anunue ngazi.

Halafu Misa. Kila Jumapili saa tano asubuhi, Misa ya wagonjwa na wazee wasioweza kutoka, moja kwa moja kutoka studio. Altare ilikuwa na magurudumu, wiki nzima ikilala nyuma ya ulingo wa mieleka, na Jumapili wewe mwenyewe uliisukuma mbele na kuipangusa vumbi. Uliianzisha mwaka ambao mama yako Stasia alivunjika nyonga akawa mtu wa kiti. Jioni yake ulimwendea umevaa koti lako zuri.

"Mama, Misa umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu."

Ukala supu, ukarudi nyumbani umeridhika. Hukukosa hata Jumapili moja.

Ndipo ukaja ule mwaka wa vituo kuachana na mitandao yao nchi nzima na kushikana na mingine, watu wasijue asubuhi watakuta nini wapi. Chaneli ya Tano wakaukimbia mtandao wao wakidhani wamepata mwingine bora. Ule ulioachwa ndio kwanza ulikuwa umenunua haki za mpira wetu, ule wa kubeba mkononi, ambao mji huu unaupenda kuliko unavyompenda Mungu. Mtandao huo ukajikuta na mpira lakini hauna mahali pa kuuonyesha Tillson Bay. Wakamtuma kwenu bwana mmoja aitwaye Thayer. Aliketi kwenye ukingo wa ulingo wa mieleka kwa kukosa kiti.

"Bwana Gaworski, mtakuwa na mpira. Jumapili mji mzima utakuwa kwenu. Matangazo ya biashara mtakuwa mnayakataa."

"Na saa tano?" ukauliza.

"Saa tano ni yetu. Kuna kipindi cha uchambuzi kabla ya mpira."

"Saa tano kuna Misa."

"Ihamishieni alfajiri."

"Yaani wazee waamke gizani kwa ajili ya wanaume wanne wa suti wanaochekeana mezani? Nenda zako, bwana. Nenda kale chakula cha mchana kwingine, hapa hupati hata maji."

Bwana Thayer akaenda. Mwezi wa saba ukafunga safari yako ya kila mwaka ya kuvua samaki Kanada. Marehemu baba yenu, alipowapa mtaji, aliweka sharti kwamba kila mmoja wenu aweze kusaini peke yake, kwa kuwa aliamini ndugu hawawezi kugeukana. Roman akasaini. Ulirudi na sanduku lako la samaki ukawakuta mafundi wa rangi wakipaka nembo ya mtandao juu ya ukuta uliojenga kwa mikono yako.

"Roman, umefanya nini?"

"Nimetuokoa, kaka."

"Umemuuza mama."

Tangu siku ile hukusema naye tena. Mlikuwa mkitumiana maneno kupitia kwa fundi wenu Gus, nanyi mmekaa vyumba vilivyopakana.

Jumapili ya kwanza ya mpira ulimwambia Gus akanywe kahawa, ukajifungia ndani ya chumba cha mitambo, ukarusha Misa. Hesabu yako haikuwa mbaya. Misa ingewala wale wa suti tu, kwa sababu Padri Klement, aliyeiongoza, mwenyewe ana wazimu wa mpira na siku zote alimaliza mapema akimbilie runinga ya parokiani. Ila Jumapili hiyo padri alimleta mgeni, askofu mstaafu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera maishani mwake. Kamera ikamnogea. Alianza na Adamu. Saa sita ilipokaribia alikuwa bado yuko kwa Musa, Padri Klement akikohoa na kuigonga saa yake mpaka tukamwonea huruma. Mpira ulianza. Kijana wetu akaudaka ule wa kwanza kabisa na kukimbia nao uwanja mzima mpaka mwisho, bao ambalo mfano wake haukuonekana tena mwaka ule, na mji mzima ulikuwa ukimtazama askofu akiinua kikombe cha divai.

Gus akaja kupiga mlango kwa ngumi.

"Bosi, mpira! Kata!"

"Siwezi kumkata askofu katikati ya mageuzo!"

"Watatuua, bosi!"

"Basi tutakufa tumebarikiwa."

Kwa Wally walizomea, Wakristo wazima, huku vifua vimejaa medali za Bikira Maria. Mayai yalianza jioni ile. Waliopiga simu walitukana mpaka Lucille akaung'oa waya wa simu ukutani. Nawe Jumapili iliyofuata ukafanya vile vile, na iliyofuata tena, bila askofu, ukawala wale wanaume wa suti na kuuacha mpira. Tulikuomba uache. Ulikuwa mbishi, Norbert, tusikupambe kwa sababu umekufa. Majira ya kuchipua yalipofika mtandao ukachukua mpira wake ukaenda nao Chaneli ya Ishirini na Sita, kituo kipya kilicho juu ya duka la matairi. Wenye matangazo wakaufuata. Ukarudi kwenye sinema zako za marehemu na mieleka yako, na yule uliyekuwa ukimlipa kufagia paa ukamwachisha kazi, ukalifagia mwenyewe.

Mji ulikulaumu wewe. Sisi tulimlaumu Roman, na tulimlaumu vizuri. Kaburini alisimama mbali, nyuma ya magari, na Lucille akaomba asisogee. Mwaka mzima Lucille akimwona Roman upande huu wa barabara alivukia upande wa pili.

Jumapili iliyopita tulikuwa jikoni kwa mama yako, tumekusanyika kuandika tangazo hili. Roman akaingia, kofia mkononi, theluji mabegani.

"Shemeji, naomba jina langu liwemo."

"Liwemo wapi?" Lucille hakuinua hata kichwa. "Kuna mkataba mwingine?"

"Kwenye wanaomkumbuka. Mimi ni ndugu yake."

"Ulikuwa. Uliacha siku uliyoshika kalamu. Toka, unaloanisha sakafu ya mama."

Mama yako aligonga meza kwa fimbo.

"Mwandike."

"Mama, huyu ndiye aliyekuuza wewe! Misa yako ile—"

"Misa naijua yote kwa moyo," mama yako akasema. "Najua inavyoanza na najua inavyoisha. Mpira ndio sijui utaishaje."

Tulidhani anachanganyikiwa. Hakuwa anachanganyikiwa hata kidogo.

"Mimi ndiye niliyempigia Roman simu. Nilimwambia asaini kabla kaka yake hajarudi na samaki wake. Kituo kilikuwa kinakufa na Norbert anakufa nacho, nani alikuwa haoni? Na mpira niliutaka. Miaka yote mume wangu aliutazama sebuleni mimi nimewekwa jikoni kukaanga. Amekufa, nikasema sasa zamu yangu. Mwanangu akaja, akageuzia antena yangu kwake, akaniweka mbele ya Misa."

"Kwa nini hukumwambia Norbert?" Lucille akauliza.

"Jumapili angekuja kuniuliza nini? Ile 'Mama, Misa umeiona' ndiyo iliyokuwa inamleta. Ningeiondoa, angeleta koti lake zuri hapa kwa sababu gani?"

Sote tulikujua. Ungekuja, bila shaka ungekuja. Lakini yeye hakuwa na uhakika, na hilo limetuuma kuliko mayai yote.

Lucille akamgeukia Roman.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwacha afe akidhani ni wewe."

"Ningefanyaje, shemeji? Kunichukia mimi alishazoea tangu tukiwa watoto, nilikuwa namwibia baiskeli. Kumchukia mama angeanzia wapi?"

"Ungeniambia mimi!"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

"Ndiyo hivyo."

Lucille alinyanyuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama kwenye baridi bila koti. Tulimsikia akilitukana ghala, akautukana mtandao, akamtukana Thayer na Haugen na askofu mstaafu, akakutukana na wewe, Norbert, kwa jina lako kamili la ubatizo. Kisha akarudi ndani, akamwambia Roman avue viatu na kuketi. Hakumkumbatia. Alimmiminia kahawa, na sukari hakumwekea, ingawa anajua anakunywa na sukari.

Kwa hiyo haya ndiyo majina, jinsi mkeo alivyotuamuru tuyapange. Mama yako Stasia, wa kwanza, kwa sababu anasema ndiye aliyekuzaa na hana haja ya kupanga foleni. Mkeo Lucille, ambaye bado ana hasira na mama yako na mdogo wako wote wawili na ameagiza jambo hilo liandikwe. Binti yako Corinne na mwanao Gerard. Wajukuu zako. Gus, aliyegonga mlango. Na mdogo wako Roman, ambaye jina lake Lucille aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, akalikata, akaliandika tena.

Uliondoka duniani ukimchukia mtu aliyekuwa anakukinga, kwa ajili ya mama ambaye hukuwahi kumuuliza anataka kutazama nini. Hatuna namna ya kulirekebisha hilo. Tunakupenda, tunakukasirikia, na kukusahau hatuwezi.