Samaki wa Tabaka la Chini

Jumatatu, 14 Juni 1993

Saa nane mchana wamezima pampu ya kuvuta maji. Kiwanda cha matofali kilifungwa tangu Machi. Leo umeme umekatwa hadi machimboni. Nilikuwa chini shimoni, magoti kwenye udongo. Kukawa kimya ghafla.

Ēvalds, dereva wa mashine ya kuchimbia, alishuka kunitoa.

"Panda, Bi Mirdza. Hili sasa ni ziwa."

"Litajaa lini?"

"Anza kuhesabu."

Nimepigilia kigingi chenye alama. Tabaka la chini liko mita 1.90 juu ya maji. La juu liko mita mbili zaidi, na mchanga katikati. Yote mawili ni udongo wa kijivu, yote mawili yana samaki wa kale waliogeuka mawe.

Niandike mara moja, kwa usafi. Mwaka 1971, kama mwanajiolojia, nilichora mstari kwenye ramani: tabaka letu la chini na tabaka la samaki la Uskoti ni rika moja. Ushahidi ni kibamba kimoja cha deraya ya samaki, yaani gamba lake gumu, chenye madoa ya nyota. Samaki wa aina hiyo hakudumu. Alitokea, akaenea huku na kule, akatoweka upesi. Mawe yaliyomfukia hapa na yaliyomfukia kule ni ya wakati uleule. Hiyo ndiyo hesabu yote ya kazi yangu.

Ila kibamba kile sikukitoa ukutani. Nilikiokota chini ya ukuta. Huenda kilidondoka kutoka tabaka la juu. Kama ni hivyo, mstari wangu umekosea — na Walithuania na Waestonia wameungia mistari yao hapohapo. Nimelijua hili miaka ishirini na miwili. Sijamwambia mtu.

Agosti Dkt. Isbister wa Uskoti anachapisha jedwali la pamoja la matabaka. Anataka sahihi yangu. Nahitaji samaki mmoja wa nyota, aliyetolewa tabaka la chini, akiwa bado ndani ya ukuta. Septemba nastaafu.

Jumanne, 15 Juni

Maji: sentimita 13 juu.

Geti lina mnyororo. Mlinzi anataka karatasi ya mfilisi wa kiwanda, aliye Riga. Nilimweleza nusu saa. Akasikiliza yote, kwa adabu.

"Mama, mimi nimewekwa kulinda shimo," alisema. "Shimo nalilinda."

Nimepima kigingi kwa darubini, nikiwa nje ya uzio.

Jumatano, 16 Juni

Mvua kutwa. Sentimita 24 zaidi ya jana. Basi la Riga ni kesho.

Alhamisi, 17 Juni

Mfilisi hayupo. Karani alikuwa akikata vipande vya jibini juu ya faili. Kasema nije kesho; na wiki ijayo nisihangaike kabisa, ni sikukuu ya Ligo, watu wote watakuwa mashambani wakiwasha mioto. Nikamuuliza kama maji nayo huenda likizo. Kaniambia hiyo ni idara nyingine.

Ijumaa, 18 Juni

Sahihi imepatikana saa kumi jioni. Ruhusa inaanza Jumatatu. Nikaomba ianze kesho. Haiwezekani — tarehe imeshapigwa chapa.

Nimepiga simu kantini ya kiwanda. Haifanyi kazi tena, lakini Valija, mke wa Ēvalds, bado ana ufunguo, na simu hawajaikumbuka kuikata. Kasema maji yanapanda polepole. Nikamwambia nachelea samaki watazama kabla sijafika.

"Wale samaki wako wa ukutani?"

"Haohao."

"Basi tulia, Bi Mirdza. Kunywa chai ulale."

Nilikunywa. Nililala.

Jumamosi, 19 Juni

Nimepiga hesabu. Hata mvua ikirudi, Jumatatu tabaka la chini litakuwa na sentimita sabini au themanini za nafasi. Siku tano za kazi. Inatosha. Nimenoa patasi, nimekata karatasi za lebo: tarehe, ukuta, tabaka, kina.

Jumapili, 20 Juni

Hakuna basi la kurudi machimboni.

Jumatatu, 21 Juni

Geti wazi. Mlinzi hakuiangalia karatasi.

Nilikwenda ukingoni kwanza. Nilitazama muda mrefu kabla ya kuelewa. Ukuta haupo. Mahali palipokuwa na matabaka mawili na mchanga kati yake pana mteremko mmoja wa tope, kuanzia juu hadi majini, na alama za meno ya mashine.

Ēvalds alikuja nyuma yangu, shati safi, nywele zimelowa.

"Dizeli ya mwisho," alisema. "Nilikuwa nimeificha. Vijiko vitatu vikubwa vya mashine, basi, ukuta wote chini. Kwa jembe wangemaliza lini?"

"Kina nani?"

"Njoo uone."

Jumamosi walifanya msaragambo. Watu kumi na mmoja, waliofukuzwa kazi Machi, walikuja na ndoo, majembe na chakula chao. Mlinzi naye. Nilimuuliza kama wao hawakuhitaji karatasi ya Riga. Kasema karatasi ni za watu wa Riga.

Kantini imefagiliwa. Meza nne zimeunganishwa, shuka nyeupe juu, matawi ya mbetula pembeni. Na juu ya shuka: samaki. Vipande arobaini na vitatu. Wamesuguliwa kwa sabuni na miswaki, hakuna chembe ya udongo. Wamepangwa kwa ukubwa, wakubwa katikati, wadogo pembeni, kama sinia la sherehe.

Sita wana nyota. Sita. Mmoja ni mzima kuanzia kichwani hadi bega — hata kitabuni sijapata kuona mzuri kama yeye.

Nilimuuliza Ēvalds huyu alitoka wapi.

"Ukutani."

"Upande wa chini au wa juu?"

"Chini. Karibu na bomba la pampu."

"Bomba gani?" alidakia Valija. "Huyu nimemtoa mimi, mzee. Alikuwa juu kabisa, kwenye mizizi."

"Kwenye mizizi ulitoa yule wa mkia."

"Wa mkia katoa mlinzi."

Mlinzi akasema yeye hajui, alikuwa akipokea ndoo tu, zote zilikuwa za kijivu.

Nikauliza kuhusu watano waliobaki. Majibu tisa. Nimeyaandika yote. Hakuna mawili yanayolingana.

Niliomba kuona ndoo, labda kuna mabaki ya udongo. Zimeoshwa. Miswaki imechemshwa.

Miaka kumi na tisa Ēvalds ameniletea samaki waliodondoka, kwenye viberiti, wamefungwa kwa pamba. Kila mara nilishukuru. Sikuwahi kumwambia kwamba samaki asiye na tabaka ni jiwe zuri tu. Ingekuwa sentensi moja. Niliona ni utovu wa adabu, mtu kanibebea zawadi kwa baiskeli kilomita saba.

Wakaniketisha mbele. Valija alileta jibini la Ligo, siku mbili kabla ya siku yake, kwa ajili yangu. Mmoja wa mafundi wa tanuri aliuliza yupi anakwenda Uskoti. Ēvalds akamnyooshea kidole yule mzima. Akasema huyu ndiye, huyu ataandikwa kitabuni, na chini yake litaandikwa jina la machimbo yetu. Walipiga makofi. Kisha wakataka niseme machache.

Nikasema ngoja ninawe mikono kwanza.

Naandika haya stoo ya kantini, juu ya gunia la chumvi. Nimebeba lebo moja. Nimejaza tarehe. Nimejaza machimbo. Kwenye tabaka bado hamna kitu, na penseli ninayo. Nikiandika "chini", atakayejua ni mimi peke yangu, kama mwaka 1971.

Nikiwaambia kwa nini pako wazi, nitawaambia pia walichoharibu Jumamosi.

Wanamimina bia, nasikia. Ēvalds kagonga mlango, taratibu, kauliza kama naumwa.

"Naja."

"Usihangaike, Bi Mirdza. Tulirudia kupekua mara mbili. Hatukuacha hata mmoja."