Mtihani wa Mama na Kilio cha Kasereka

Butembo, Jumatatu, 4 Februari 2002

Nimewasha makaa, nimechemsha maji ya Mama. Kazi yangu ya kila asubuhi tangu nimalize shule. Mama ana miaka arobaini na tatu na ndiye anayekwenda darasani. Mimi nabaki na masufuria. Aliacha unesi mwezi wa kumi ili asome saikolojia ya afya. Wenzake wote ni vijana. Wanamwita Mama Profesa, naye anacheka nao. Nyumbani hacheki.

Jumamosi, 9 Februari

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, amekuja tena kutoka Vuhovi. Hata chai hakuigusa.

"Mama Kasereka, tangu mwezi wa nane mutoto hayarudi. Lori iliungua. Unangojea nini?"

"Nangojea mutoto wangu."

Kaka yangu Kasereka alikuwa juu ya lori la maharage lililovamiwa karibu na Mbau. Mwili haukuonekana. Baba mkubwa anataka tufungue kilio: tutandike mikeka, watu waje, Mama akae chini mpaka siku ya kunyolewa nywele, kilio kinapokwisha. Mama amekataa, amefungua kitabu chake.

Kwetu mama anayemlilia mtoto hatoki nje ya ua. Mitihani ni tarehe 25. Ninawaza jambo baya. Sitaliandika.

Jumapili, 10 Februari

Naliandika. Mama hataki Kasereka afe kabla ya mtihani.

Beni, Jumanne, 19 Februari

Mama amepelekwa hapa na chuo kwa mazoezi ya kazi, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Nimekuja kumpikia. Asubuhi alivaa koti lake jeupe la unesi, kwa mazoea. Kosa. Wanawake walipanga foleni wakikunja mikono ya nguo. Koko mmoja, bibi kizee, aligeuka kabisa akaanza kulegeza kitenge.

"Piga huku, docteur. Mukono inaniuma."

"Koko, sina sindano leo. Nilikuja kukusikiliza."

"Kusikiliza! Na dawa je? Ulisahau nyumbani?"

Foleni nzima ilicheka. Ikatawanyika. Mama alibaki peke yake na koti lake. Nilimhurumia. Nilikuwa bado nina hasira naye.

Jumatano, 20 Februari

Leo bila koti. Alikaa juu ya bidoni tupu la maji akisaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo. Wakaanza kuongea wenyewe. Mwanamke mmoja mumewe alipotea shambani. Kila jioni anamwekea chakula chake, na watoto hawaruhusiwi kukigusa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Mulilie, mama. Hata bila mwili. Mulilie tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na ndoo ya maji. Nilisikia vizuri.

Tukirudi, mimi ambaye hata padri ananiomba nipaze sauti, nilisema: "Na siye? Kasereka tutamulilia lini? Kisha examen kuisha?"

Mama alisimama njiani. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Butembo, Ijumaa, 22 Februari

Tumerudi. Kwenye vizuizi vya wanajeshi alizungumza na kila mtu. Na mimi, hapana.

Jumapili, 24 Februari

Baada ya misa Mama alitoa meza sebuleni. Akatandika mkeka. Akafungua kitambaa cha kichwa.

"Kavira, tuma mutu kwa baba yako mukubwa. Akuye."

"Mama, mutihani ni kesho."

"Najua."

Kisha akalia. Sijawahi kusikia sauti ile. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu yote.

Jumatatu, 25 Februari

Wenzake wanaandika mtihani sasa hivi. Mama yuko chini, ameegemea ukuta, wanawake wa jumuiya wamemzunguka. Baba mkubwa alifika na hotuba yake tayari. Aliliona shati la Kasereka msumarini, akaanguka magoti. Analia kuliko wote.

Mwaka wa Mama umekwenda. Mimi ndiye niliyeuharibu. Hakuna anayeniambia hivyo.

Alhamisi, 28 Februari

Wanafunzi wamekuja baada ya karatasi ya mwisho. Wameleta kuni na viazi kutoka Musienene. Nilidhani watauliza maswali kama wanavyofundishwa. Hawakuuliza. Mmoja alisema, "Mama Profesa." Akaenda nje kupasua kuni zilizokwisha pasuliwa.

Jumamosi, 2 Machi

Jana tulinyolewa. Kichwa cha Mama ni kidogo kuliko nilivyodhani. Hajui kama watamkubalia kurudia mwaka. Wageni wameondoka, mikeka imekunjwa.

Jioni tumechambua maharage, mimi na yeye. Ameniuliza ninakumbuka nini juu ya Kasereka. Nimeokota jiwe kwenye maharage, nimelitupa. Hakunisukuma. Tumeendelea na maharage. Baadaye nimesema kwamba akirudi usiku alikuwa ananipigia mluzi dirishani, nimfungulie bila kumwamsha Mama.

Mama amesema hakulijua hilo. Amesogeza kigoda chake karibu, amengoja niendelee.