Mrithi wa Gakindu Bado Hajazaliwa

Nyeri, 9 Mei 1983

Shemeji Watiri,

Habari za huko kwenu Kiriaini? Mimi sasa najua Kifaransa, na shule niliacha darasa la sita! Wakili ninayemfagilia ofisi amenifunza "en ventre sa mère", yaani tumboni mwa mama. Wafaransa waliwaachia Waingereza neno hilo zamani, nao wakatuletea kortini. Baba akifa, aliye tumboni anarithi kama waliozaliwa.

Kaka Nderitu alikuwa amezungushia shamba la marehemu mumeo matoka, yale maua ya mpaka, ati ni lake. Jumamosi niliyang'oa yote mbele yake. Akasema, "Wewe si ndugu yangu tena." Tangu hapo sikai, sisimami.

Rudi shambani kwako Gakindu ujifungulie hapo. Mwambie huyo wa tumboni afanye haraka, sina ndugu mwingine.

Baba yake mdogo,
Gicheru