Ratiba Yenye Mashimo

Jumatatu, 8 Februari

Wiki ya pili tangu shule ifunguliwe. Kwenye daftari la mahudhurio tuko walimu kumi na saba. Waliofika leo, kumi na mmoja. Watatu wako karantini. Wawili wameambiwa wabaki nyumbani kwa sababu ya presha na sukari. Wa kemia anamuuguza mumewe.

Ratiba nimeichora upya mara ya nne. Kila darasa nimelikata vipande viwili — nusu ndani, nusu barazani — kwa hiyo kila mwalimu anatakiwa awe watu wawili. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili. Hii haitoki.

Mchana Karani akaja mezani kwangu. Anasema jirani yangu yuko tayari kuongezewa vipindi vitatu. Nikamwambia Karani amwambie asante. Jirani mwenyewe amekaa hatua sita kutoka hapa, anasikia kila kitu!

Jirani ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wanamwita Malenga. Mimi wananiita Bi Ratiba na wanadhani sijui. Miaka miwili iliyopita nilimpa kipindi cha mwisho cha Ijumaa na darasa la mtihani. Akasimama kikaoni, mbele ya kila mtu: eti huyu mama akikabidhiwa jua na mwezi atavipangia zamu. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nikamjibu kwamba ushairi si mtoto mchanga, hauhitaji kubembelezwa. Kesho yake akaiburuta meza yake mpaka dirishani. Tangu siku hiyo tunazungumza kupitia Karani. Maskini Karani.

Jumanne, 9 Februari

Nyumbani naingilia mlango wa nyuma. Viatu nje, nguo kwenye ndoo ya sabuni, kuoga, ndipo nasalimia. Baba watoto amechora mstari wa chaki sebuleni. Mama upande wake, mimi upande wangu. Ana miaka sabini na tisa, na kifua chake tangu zamani si cha kuaminika.

Leo kasema: "Nimekuzaa mwenyewe, halafu unanisimamia huko kama askari wa mpakani."

Nikacheka. Nikaingia chumbani nikalia. Kama dakika nne — niliangalia saa.

Alhamisi, 11 Februari

Aibu. Au haki. Sijui.

Nilikuwa napita barazani. Malenga anasomea watoto shairi, sauti inafika mpaka jikoni, na barakoa imemning'inia kidevuni kama kitambaa cha mtoto anayelishwa uji. Nikaropoka: "Pandisha barakoa!"

Darasa zima likamgeukia. Akaipandisha taratibu, akapiga saluti. "Amri imepokelewa, afande."

Maneno yetu ya kwanza katika miaka miwili! Ofisini Mwalimu wa Michezo akatupongeza sote wawili, mmoja mmoja, kwa kugonganisha viwiko, kwamba tumefungua mfungo. Hatujafungua chochote. Nilikuwa sahihi. Ila nilimsikia sauti imekwaruza, na nikaona ni ya kufoka tu.

Ijumaa, 12 Februari

Vipindi saba. Miguu imevimba. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 15 Februari

Malenga hakuja.

Karani anasema katika miaka kumi na nane hajawahi kumwona akikosa, hata alipovunjika kidole. Akapiga simu. Mkewe akapokea — homa tangu Jumamosi, na kikohozi.

Nikafuta jina lake kwenye vipindi sita vya leo. Hakuna niliyempata wa kumweka.

Jumanne, 16 Februari

Amelazwa. Amewekewa oksijeni.

Afisa wa afya amekuja na futi yake. Anapima nani alikaa karibu naye, umbali gani, muda gani. Mwalimu wa Historia na Mwalimu wa Dini wamepelekwa karantini. Alipofika kwangu akapima kutoka meza yangu hadi ile ya dirishani. Mita nne na ushee. "Wewe uko salama, mama. Nani aliwapanga vizuri hivi?"

Karani akaangalia chini. Mkuu wa shule akakohoa, kisha akashtuka kwa kukohoa, kila mtu akamgeukia.

Niseme nini? Tulipangwa na chuki. Bila ule ugomvi ningekuwa karantini leo, na mama yangu kwenye hatari. Nimekaa nayo siku nzima, sijui niiweke wapi.

Tumebaki wanane wa kusimama na kwenda, tisa ukimhesabu Mkuu mwenyewe. Kaniita. Darasa la mtihani haliwezi kukaa bila Kiswahili. Nikamwambia sawa, nitatafuta mtu. Akaniangalia tu. Akaendelea kuniangalia.

Mimi! Ushairi!

Jumatano, 17 Februari

Niliingia nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuhojiwa polisi. Wanafunzi ishirini na mmoja ndani, ishirini barazani, nyuso nusu nusu. Nikaandika ubeti ubaoni, nikauliza tuanzie wapi.

Msichana mmoja wa mbele, mrefu, mpole: "Mwalimu wetu huwa anaanza kwa kuuimba."

"Mimi siimbi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Basi nikafanya ninachokijua. Tukahesabu. Mizani nane, mizani nane, kwa kila mshororo. Vina hapa, vina pale. Mstari wa tatu ulikuwa na tisa, nikafurahi kama nimemkamata mwizi! Kumbe nilinakili vibaya mwenyewe. Walicheka. Kicheko cha chini ya barakoa kina sauti ya maharagwe yanayochemka. Kwa dakika ishirini na tano sikufikiria ugonjwa.

Kisha kijana wa barazani akauliza dirishani: mshairi anamaanisha nini?

Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki robo saa.

Ijumaa, 19 Februari

Leo nimekula nilichopika mwenyewe.

Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, darasa la mtihani. Kile kile. Jua limeelemea bati, chumba kama tanuri, na upande ule hakuna dirisha linalofunguka zaidi ya kiganja. Barakoa zimelowa. Nasoma shairi, sauti inaanguka miguuni pangu. Wawili wamelala. Yule msichana mrefu amejishika shavu, macho wazi, lakini hayupo. Nimepaza sauti. Nimegonga ubao. Nilijikuta nimeishusha barakoa ili wanisikie — nikaipandisha haraka kabla hata wao hawajaona.

Miaka miwili amefanya hivi kila wiki! Na kikaoni hakusema "naonewa". Alisema saa ile shairi linakufa. Nakumbuka sasa. Alisema hivyo kabla ya mzaha wa jua na mwezi. Mimi nikausikia mzaha tu.

Alikuwa na haki. Nimeliandika. Linaudhi, lakini liko pale.

Jumapili, 21 Februari

Mama anakohoa tangu alfajiri.

Sina mkono wa kuandika.

Jumatatu, 22 Februari

Majibu ya kipimo cha Mama yametoka. Hana! Ni vumbi — alikuwa amepanda kwenye kigoda kufagia juu ya kabati, kwa siri, eti kachoka kukaa kama pambo. Baba watoto kamgombeza, akageuziwa kibao: "Na wewe mkwe wangu, ungefagia, ningepanda?"

Nilikwenda kazini nimechelewa nusu saa, na furaha ya kupaa. Nikatoa rula na kalamu. Jumanne, kipindi cha kwanza na cha pili, darasa la mtihani — vilikuwa vya hesabu tangu nianze kupanga ratiba. Wakati wa baridi, vichwa safi, ndege tu nje. Nimevikata. Nimeandika Kiswahili. Hesabu nimeipeleka Ijumaa mwisho. Hesabu itastahimili joto. Mimi pia.

Karani akaisoma ukutani, akairudia kuisoma. Akaniletea chai na kuiacha mezani, akaenda zake anafuta macho. Jamani, ratiba tu!

Alhamisi, 25 Februari

Habari si nzuri. Amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mkewe anazungumza na Karani kwa simu, maneno mafupi mafupi. Ofisini watu wanatembea kama kuna mtoto kalala.

Nilikwenda kwenye meza ya dirishani kutafuta maandalio yake ya masomo. Nikayapata. Mwandiko mzuri. Pembeni mwa kila somo la Ijumaa ameandika neno moja lile lile: *Tena.* Yaani wiki baada ya wiki alirudia Jumatatu alichokifundisha Ijumaa.

Nikamwomba Karani namba ya mkewe. Karani akauliza, nikupigie? Nikasema hapana. Mimi mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "ni mimi, mwalimu wa hesabu."

Akauliza: "Bi Ratiba?" Hata nyumbani kwake!

Nikamwambia, siku akiweza kusikia, amwambie Ijumaa nimeiondoa, nimempa Jumanne asubuhi. Yeye ataelewa. Akaniuliza kama ni hilo tu. Nikasema na kwamba alikuwa na haki. Akavuta pumzi ndefu. "Dada yangu, hilo nitamwambia hata kama hasikii."

Jumatatu, 1 Machi

Walimu wawili wa karantini wamerudi, wazima, mmoja kanenepa. Tunapumua.

Darasa la mtihani limekuja na ombi. Wanataka kumtungia Malenga ubeti, mkewe akausome kando ya kitanda. Nikawaambia mizani nitaipima mimi na sitakuwa na huruma. Walihangaika somo zima. Mmoja aliiba silabi, akadai "mwalimu" ina nne. Mishororo miwili ya kwanza ilitoka kwa msichana mrefu:

*Mwalimu rudi haraka, darasa limepooza,*
*Twahesabu kwa hakika, maana tunapoteza.*

Nane, nane, nane, nane. Hakuna kosa. Nikamuuliza anamaanisha nini kwa mstari wa pili. Akasema, kwa adabu zote, "Mwalimu, muda umekwisha."

Darasa lililipuka. Mimi pia. Nilicheka mpaka miwani ikajaa ukungu.

Alhamisi, 4 Machi

Ametolewa chumba cha mahututi! Anapumua mwenyewe saa chache kwa siku.

Mkewe kapiga — kwangu, si kwa Karani. Aliusoma ubeti mara tatu. Mara ya kwanza mumewe alifumba macho. Mara ya pili vidole vikawa vinagonga shuka, anahesabu. Mara ya tatu akaomba karatasi. Ameandika maneno machache. Akanisomea:

"Mizani imetimia. Maana hamjaipoteza. Mwambieni jirani yangu Jumanne nimeipokea."

Nilitoka nikasimama nyuma ya stoo ya viti. Mwalimu wa Michezo akanikuta. Akasimama mita mbili kutoka kwangu, akitazama uwanja, mpaka nilipokuwa tayari kurudi ndani.

Jumanne, 9 Machi

Kipindi cha asubuhi. Leo niliimba.

Vibaya. Vibaya sana. Lakini walipokea mshororo wa pili, wa ndani na wa barazani, sauti zikakutana dirishani. Kisha wakanieleza wao mshairi anamaanisha nini, na kila mmoja alikuwa na jibu lake, na sikumkatiza mtu.

Alhamisi, 11 Machi

Mambo mawili makubwa siku moja.

Mama kachanjwa. Alivaa nguo aliyoivaa kwenye harusi ya mdogo wangu, na mkufu. Muuguzi akamuuliza mkono gani, akasema ule mzuri zaidi, chagua. Bado kuna dozi ya pili, na mstari wa chaki haufutwi. Lakini jioni alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyerudi na ushindi.

Na Malenga ametoka hospitali. Amepungua mno, anasema mkewe. Daktari ameagiza apumzike nyumbani mwezi mzima, asipande ngazi, asipige kelele. "Hilo la kelele," mkewe akasema, "nani atalisimamia?"

Jumanne, 16 Machi

Naandika haya darasani, kipindi cha kwanza. Wanafunzi wanatunga, kimya. Mimi natazama dirishani na siamini.

Malenga yuko getini!

Kaja na fimbo ya kutembelea. Koti linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mkewe nyuma yake kajishika kiuno. Karani amempima joto mara mbili, naona anampima ya tatu. Mkuu ametoka ofisini mbio.

Sauti zinafika. Mkuu: daktari amesema mwezi! Yeye, kwa sauti nyembamba ambayo si yake: hajaja kufanya kazi, amekuja kukaa. Kipindi kimoja. Atasikiliza tu. Mkuu: hapana, na hapana, na shule si hospitali. Mkewe: "Mkuu, tangu saa kumi na moja alfajiri yuko mlangoni kavaa viatu. Mimi nimeshindwa."

Wanafunzi wameacha kuandika. Nawaambia waendelee. Hawaendelei. Siwalaumu.

Mwalimu wa Michezo ametoka ofisini amebeba kiti. Amefika katikati ya uwanja, amesimama nacho kifuani. Mkuu anamwonyesha getini, kwamba mgonjwa akae pale wakati wanatafuta gari la kumrudisha. Malenga anamwonyesha huku kwa fimbo, barazani kwetu, chini ya dirisha. Kiti hakijui kiende wapi.

Sasa Mkuu anasema kitu, anarusha mikono juu. Nimelisikia neno moja: ratiba. Wote wamegeuka. Mkuu, Karani, mkewe, Mwalimu wa Michezo na kiti chake, na yeye. Wanatazama dirisha langu.

Msichana mrefu ameshasogeza dawati lake, nafasi ya mita mbili, hajaambiwa na mtu.

Mwezi mzima, amesema daktari. Na ametembea mpaka getini kwa pumzi ngapi? Nikisema arudi, nitakuwa sahihi tena.

Anapunga fimbo. Nimesimama. Natoka nje, nikakionyeshe kiti njia ya kuja chini ya dirisha.