Dunia Yetu ya Tunda la Mkomafi

Alhamisi. Joto, upepo hakuna, na sitaki kuongea na mtu.

Leo nimeiona dunia yetu kwenye simu ya baba yake Tatu, mwanafunzi wangu. Imeshikwa na mtoto nisiyemjua, nyuma yake lami ya mjini Kibiti.

Nianze vizuri. Nafundisha sayansi hapa Mbuchi, kijiji cha deltani, na wanafunzi wangu wanaijua bamvua, yale maji ya kujaa sana, kuliko ninavyoijua mimi. Nikaona nianzie hapo. Tulichuma tunda la mkomafi huko mikokoni, gumu na la mviringo kama mpira, likawa dunia. Ndimu ikawa mwezi, tochi ikawa jua. Tukaizungusha ndimu mpaka watoto wakaona wenyewe kwa nini maji hujaa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Tatu, wa darasa la sita, akachukua hina ya dada yake akatia kidoa kwenye lile tunda. "Hapa ndo sisi," akasema.

Saumu ni shoga yangu tangu chuo cha ualimu. Siku hizi yuko Dar, kwenye mradi wa kupeleka darubini mashuleni. Alipokuja akaiona dunia yetu, aliisifu mpaka nikaona aibu, akaiazima akawaonyeshe wakubwa zake. Nikampa bila kuwaambia watoto. Akaahidi kutuletea darubini, na siku ya kuja niliwaachia watoto wachague.

Wakachagua Jumanne hii. Giza la mwezi, nyota zionekane, na bamvua ya jioni ili boti iingie mpaka dikoni. Sikuwasaidia hata kidogo, na nilivimba kichwa kwa ajili yao. Mama yake Tatu alikuwa anataka waende na binti yake dunguni, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege wasile mpunga. Tatu alilia mpaka safari ikaahirishwa.

Jumanne maji yakajaa kama walivyosema. Watoto walisimama dikoni wameoga, wengine na nguo za Idi.

Boti haikuja.

Ukaja ujumbe wa sauti wa Saumu. "Shoga, usinune. Wageni wa mradi wamegoma kulala huko, si unawajua mbu wa kwenu? Darubini tumeiweka hapahapa Kibiti, na picha zimetoka bomba."

Wa kwenu! Saumu kazaliwa hapahapa Mbuchi. Kaivuka mito hii akiwa mgongoni kwa mama yake.

Niliwageukia watoto nikawaambia injini ya boti imekufa. Sikuweza kuwaambia kwamba wageni hawakuwataka. Wengine wakaanza kuondoka. Tatu alibaki anatazama mkondo. "Lakini maji yamejaa, mwalimu," akasema, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye hesabu yake. Nikamwambia twende nyumbani.

Leo mchana ndipo baba yake akaja na zile picha, katumiwa na jamaa yake wa Kibiti. Watoto wanacheka, darubini imesimama, na dunia yetu iko mbele kabisa. Jina la shule yetu halipo popote. Kidoa cha hina kinaonekana wazi.

Tatu alikuwa amesimama pembeni ya baba yake.

"Kumbe uliwapa, mwalimu?"

Saumu kanisaliti na inaniuma. Lakini kwa Tatu, msaliti anayemjua ni mimi, na kwa ule uongo wa injini hajanionea.

Nilimwandikia Saumu aturudishie tunda letu. Kajibu upesi, na alama ya kucheka: "Chumeni lingine, si yamejaa tele huko?"

Sijamjibu. Sijui kama nitamjibu tena maishani.

Kesho nitasimama mbele ya darasa niseme kwamba injini haikufa. Kisha nitavua viatu nikanyage tope mpaka dunguni, nikamwambie na Tatu. Jioni hii kaondoka na mama yake kwenda kuamia ndege, na safari hii hakulia.